pfSense na risolva yake ya DNS: inafaa kwa ofisi ya Dodoma, ila usiiache na mipangilio inayokuja nayo

Ofisi nyingi za Dodoma zinazoachana na ruta ya mtoa huduma huishia kwenye pfSense, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta na faiawoli (ukuta wa kulinda mtandao). Toleo la CE (Community Edition) ni la bure, linakaa kwenye kompyuta ndogo yoyote ya 64-bit (Intel au AMD) yenye kadi mbili za mtandao, na mafundi wanaolijua wapo mjini. Haichukui muda kabla lalamiko lile lile halijaanza: mtandao upo lakini kurasa hazifunguki. Ping (jaribio la mawasiliano) kwenda 8.8.8.8, seva ya Google, inapita, WhatsApp iliyokuwa wazi inaendelea kutuma, kivinjari kinazunguka tu. Hapo shida ni DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, na kwenye pfSense DNS maana yake ni Unbound, programu ya NLnet Labs ya Uholanzi iliyofanywa risolva (programu inayotafuta majibu ya DNS) ya msingi tangu toleo 2.2 la mwaka 2015.

Tathmini hii ni ya sehemu hiyo tu. Kanuni za faiawoli, VPN na mengine tunayaacha. Hukumu yenyewe ni hii: Unbound ni nzuri kuliko sifa yake mitaani. Mengi inayolaumiwa yanatoka kwenye saa ya mashine, kwa mtoa huduma wa intaneti, au kwenye visanduku viwili vitatu vilivyowekwa tiki bila kufikiri. Ila mipangilio yake ya mwanzo inamdhania mtumiaji mwenye umeme wa uhakika na laini ambayo hakuna anayeichezea. Ukiifunga Area D au Nkuhungu ukaiacha hivyo, utaitwa tena.

Kwanza ieleweke inafanya nini. Ruta ya kawaida ikiulizwa jina hulipeleka kwa seva ya mtoa huduma na kusubiri jibu. pfSense katika hali yake ya mwanzo haifanyi hivyo. Inaanzia juu kwenye seva za mzizi, inashuka kwenye .tz au .com, kisha inafika kwenye seva ya jina lenyewe, na njiani inakagua saini za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu halijachezewa. Faida yake ni kwamba hakuna mtu wa kati wa kumtegemea. Hasara ni kwamba kila hatua ya safari hiyo inahitaji bandari 53 (mlango wa maswali ya DNS) iwe wazi, saa iwe sahihi, na laini isiwe na ucheleweshaji mkubwa.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayopoteza muda wa mafundi wengi. Kompyuta ndogo zilizotumika, hasa zile zilizotolewa ofisini na kugeuzwa faiawoli, mara nyingi betri yake ya CR2032 imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka. Umeme ukirudi, Unbound inakagua saini za DNSSEC, inaona tarehe za kuanza kutumika hazijafika bado, na inakataa kila kitu kwa jibu la SERVFAIL (nimeshindwa kupata jibu). NTP nayo, ambayo ingeirekebisha saa, imewekewa jina: 2.pfsense.pool.ntp.org. Jina hilo linahitaji DNS, DNS inahitaji saa, na saa inamsubiri NTP. Wamefungana.

Dalili ni rahisi kuiona ukijua pa kutazama. Fungua "Status > System Logs", kichupo cha "DNS Resolver". Ikiwa logi haisemi kitu, nenda kwenye "Custom options" za risolva uongeze mistari hii miwili:

server:
val-log-level: 2

Sasa kila kukataliwa kutakuja na sababu yake. Ukikuta maneno "signature before inception date", saa iko nyuma; "signature expired" mara nyingi ni saa iliyo mbele, au mwenye jina amesahau kusaini upya. Neno "server:" usiliache. Mipangilio ya ziada hubandikwa mwishoni mwa faili, na bila neno hilo mstari wako unaweza kuhesabiwa chini ya sehemu nyingine kabisa. Tunaisifu pfSense hapa: inaijaribu mipangilio kabla ya kuihifadhi, na ikiwa na kosa inakataa badala ya kuizima risolva.

Tiba ya papo hapo ni kuweka saa kwa mkono kupitia "Diagnostics > Command Prompt":

date 202607141030

Hiyo ni tarehe 14 Julai 2026, saa nne na nusu asubuhi. Amri inataka saa 24, mwaka ukitangulia. Kabla ya kuiandika hakikisha "System > General Setup" imewekwa Africa/Dar_es_Salaam. Ukanda wa saa peke yake haumsumbui Unbound, maana ndani mashine inahesabu kwa UTC (saa ya kimataifa), lakini ukiandika saa ya Dodoma kwenye mashine inayodhani iko UTC umeipeleka mbele saa 3. Ukimaliza, washa upya huduma ya ntpd, kisha unbound.

Tiba ya kudumu ni betri mpya, pamoja na kuandika seva za NTP kwa namba badala ya jina. Za Cloudflare, 162.159.200.1 na 162.159.200.123, zinatosha kuivusha mashine. Kuna watakaosema wao hawajawahi kuona tatizo hili hata betri ikiwa imekufa. Inawezekana: wameandika seva za DNS kwenye "General Setup", na faiawoli yenyewe, tofauti na kompyuta za watumiaji, inaruhusiwa kuzikimbilia hizo pale risolva yake ya ndani (127.0.0.1) inaposhindwa. NTP inapona kwa njia hiyo. Hata kama hutumii hali ya kupeleka maswali mbele (kuiachia risolva nyingine kazi ya kutafuta), basi, usiiache sehemu hiyo tupu.

Tukiwa bado kwenye umeme, lipo faili linaloitwa /var/unbound/root.key. Ndani yake mna ufunguo wa mzizi wa DNSSEC, na Unbound huliandika upya mara kwa mara. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linabaki tupu au nusu, na safari hii risolva haiwaki kabisa. Kwenye logi utaona "error reading auto-trust-anchor-file" na mwishoni "fatal error: failed to setup modules". Wengi wakiona hivyo wanafunga upya mfumo mzima. Hakuna haja:

rm /var/unbound/root.key

Kisha fungua ukurasa wa risolva, hifadhi, "Apply Changes". Faili litatengenezwa upya. Likikataa, litengeneze kwa jina la mtumiaji unbound, si root, maana likiwa mali ya root risolva haitaweza kuliandika:

su -m unbound -c "/usr/local/sbin/unbound-anchor -a /var/unbound/root.key"

Wakati wa kufunga pfSense chagua ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski. Tangu toleo 2.6 ndiyo chaguo la kwanza, na inavumilia kukatika kwa ghafla kuliko UFS. UPS (betri ya akiba) ndogo ya kuivusha mashine hadi jenereta liwake bado ni ya lazima, kwa sababu ya tatizo linalofuata.

Unbound inakumbuka seva zipi za nje zilishindwa kujibu, na kumbukumbu hiyo hukaa dakika 15. Laini ikipepesuka, faiawoli ikiwa inawaka huku kifaa cha mkongo bado hakijashika, Unbound inauliza, inakosa, na kuwaandika wote kuwa wamekufa. Laini inarudi, ping inapita, majina bado hayafunguki. Watumiaji wanasema "mpaka uizime na kuiwasha", na ni kweli inasaidia, ila dawa yenyewe ni hii:

unbound-control -c /var/unbound/unbound.conf flush_infra all

Na ili isijirudie, ongeza chini ya "server:" mstari "infra-keep-probing: yes". Kwenye vituo vya mbali, tuseme Kondoa vijijini au upande wa Manyoni, ambako intaneti inakuja kwa setilaiti ya mbali angani, kuna kipimo kingine. Unbound inampa mgeni asiyemjua milisekunde 376 kujibu, na setilaiti ya aina hiyo inamaliza zaidi ya hizo kwa kwenda na kurudi tu. Matokeo ni kila swali la kwanza kuulizwa mara mbili. Weka "unknown-server-time-limit: 1128", ndiyo namba ambayo mwongozo wa Unbound wenyewe unaipendekeza kwa laini kama hizo.

Sasa la mtoa huduma, ambalo halisemwi sana. Baadhi ya laini huyakamata maswali yote ya bandari 53 na kuyajibu zenyewe, haijalishi umemuuliza nani. Ruta ya kawaida haitambui. Unbound inatambua, na inachukia: imeuliza seva ya mzizi, jibu limerudi bila alama ya kuonyesha kwamba aliyejibu ndiye mwenye mamlaka, na saini za DNSSEC zimepotea njiani. Inalikataa jibu, inamweka huyo seva kwenye orodha ya wabovu, na mtumiaji anapata SERVFAIL. Mtu akiitoa pfSense na kurudisha ruta ya zamani kila kitu kinafanya kazi, kwa hiyo lawama inakwenda kwa pfSense.

Kupima hakuchukui dakika. Anwani 192.0.2.1 imetengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni. Hakuna seva inayopaswa kuishi hapo. Iulize kwa dig, amri ya kuuliza DNS:

dig @192.0.2.1 udom.ac.tz

Ikikaa kimya mpaka ikate tamaa, laini yako ni safi. Ikirudisha anwani ya IP, kuna mtu kati anajibu. Fanya kipimo hiki kwenye faiawoli yenyewe, siyo kwenye kompyuta iliyo nyuma yake, kwa sababu huenda wewe mwenyewe uliweka kanuni ya NAT (ya kubadilisha anwani) inayogeuza bandari 53, ukaishia kujikamata.

Laini ikiwa inakamata, usibishane nayo. Washa "Enable Forwarding Mode" pamoja na "Use SSL/TLS for outgoing DNS Queries to Forwarding Servers", maswali yatoke yamefungwa kupitia bandari 853. Hapa ndipo pfSense inapotuudhi, maana kazi moja imegawanywa kurasa mbili. Tiki ziko "Services > DNS Resolver", seva zenyewe ziko "System > General Setup", na hakuna ukurasa unaokukumbusha wa mwenzake. Huko "General Setup" fanya haya matatu. Andika 1.1.1.1 (ya Cloudflare) na 9.9.9.9 (ya Quad9). Kwenye "Hostname" jaza one.one.one.one kwa ya kwanza na dns.quad9.net kwa ya pili, la sivyo cheti hakihakikiwi na umefunga mlango bila kufuli. Halafu ondoa tiki ya "DNS Server Override". Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Ikibaki, seva za mtoa huduma zinaingia kwenye orodha kimyakimya, nazo kwa kawaida hazijibu 853. DNS inakuwa ya bahati nasibu: jina linafunguka, linagoma, linafunguka tena, kulingana na swali limemwangukia nani. Tatizo la aina hii linamchosha fundi kuliko lile la kukatika moja kwa moja.

Ukishapeleka maswali mbele, ondoa na tiki ya DNSSEC. Cloudflare na Quad9 wanakagua wenyewe, na kukagua mara ya pili kunaleta hitilafu za hapa na pale bila faida inayoonekana.

Je, upeleke mbele hata kama laini ni safi? Hapana, hatushauri. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ya nchi ikawa ya kubahatisha, tofauti ilikuwa hii: risolva inayojitafutia inaweza kuifikia moja kwa moja seva ya jina iliyo ndani ya nchi, mradi njia ya kuifikia bado iko kwenye kache (kumbukumbu ya majibu ya karibuni); inayopeleka mbele inategemea risolva ya mtu mwingine, ambayo huenda iko ng'ambo ya waya uliokatika. Kwa ofisi inayoshinda kwenye mifumo ya .go.tz hilo ni jambo la kufikiriwa. Weka pia tiki ya "Serve Expired" kwenye "Advanced Settings", ili majibu yaliyopitwa na muda yatumike wakati laini inasumbua. Gharama yake ni kwamba tovuti ikihamia seva nyingine, kwa muda kidogo mtu anaweza kupelekwa ya zamani.

Ndani ya ofisi, makosa ni mengine, na mengi yanajulikana kwa aina ya jibu linalorudi. Jibu la REFUSED ni orodha ya ruhusa. pfSense inaziruhusu yenyewe subneti (vipande vya mtandao) zilizo kwenye kadi zake, lakini haijui subneti iliyo nyuma ya swichi inayofanya kazi ya ruta, wala tawi la Singida linaloingia kwa IPsec (aina ya VPN). Iongeze kwenye kichupo cha "Access Lists", kitendo "Allow". Kimya kitupu kwenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) mpya ni kanuni ya faiawoli: ruhusu bandari 53 kwenda "This Firewall", TCP na UDP zote mbili. Wanaoruhusu UDP tu watakuja kushangaa kwa nini majina machache yenye majibu marefu hayafunguki. Jibu la NOERROR lisilo na anwani yoyote ni kinga ya rebinding, hila ya kulielekeza jina la nje kwenye anwani ya ndani. Unbound inazitupa anwani za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 zikitoka kwenye DNS ya umma. Ofisi iliyoweka jina la mfumo wake wa ndani kwenye DNS ya nje italiona hili mara moja. Dawa ni "private-domain:" ikifuatiwa na jina la kikoa chako ndani ya nukuu, chini ya "server:".

Kwa ofisi yenye Active Directory (mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji) usigeuze kitu. Tumia "Domain Overrides": jina la kikoa cha ndani, anwani ya seva ya Windows, na kikoa cha pili cha kurudi nyuma (kutoka anwani kwenda jina), mfano 10.168.192.in-addr.arpa kwa mtandao wa 192.168.10.0/24. pfSense inakiondolea kikoa hicho ukaguzi wa DNSSEC na kinga ya rebinding yenyewe. Hilo limefanywa vizuri.

Kasoro moja ya zamani ilistahili kelele zote ilizopigiwa: tiki ya "DHCP Registration". Kwenye DHCP ya ISC, programu ya zamani ya kugawa anwani, kila simu iliyopata anwani ilimfanya Unbound asome upya mipangilio na kumwaga kache. Kwenye ukumbi wa mikutano, watu mia wakiingia na simu zao, DNS inakwama kila baada ya sekunde chache na hakuna anayejua kwa nini. Toleo 2.8.0 la mwaka 2025 lenye DHCP ya Kea limeliondoa tatizo hilo. Walio kwenye matoleo ya nyuma waondoe tiki hiyo leo, wabaki na ile ya anwani za kudumu peke yake.

 

Wale wanaozuia tovuti kwa DNS wafahamu kwamba Firefox na simu za Android zinaweza kuipita faiawoli kabisa. Kwa Firefox mstari huu unatosha kuizuia isihamie kwa DNS yake yenyewe bila mtumiaji kuamua:

local-zone: "use-application-dns.net" always_nxdomain

Android kwa kawaida inatumia bandari 853, na unaweza kuifunga kutoka LAN. pfBlockerNG, kifurushi cha kuzuia tovuti kwa orodha, nayo inafanya kazi, lakini mashine ya RAM ya GB 2 ikibebeshwa orodha kubwa, Unbound huchukua muda mrefu kuwaka. Na ukiwa umeweka Service Watchdog, hiyo inaona huduma haijawaka na kuiwasha tena kabla haijamaliza, mzunguko usiokwisha. Chagua moja.

Kuhusu mashine ya kuifunga: RAM ya GB 4 hadi 8, kadi za Intel, na isiyo na feni. Vumbi la Dodoma kati ya Juni na Oktoba linaua feni ndogo haraka, na mashine inayopata joto ikajizima inaleta matatizo yote ya root.key yaliyotajwa juu.

Washindani? OPNsense, iliyojitenga na pfSense mwaka 2015, inatumia Unbound hiyo hiyo na imeweka ukurasa wa takwimu za DNS unaoonyesha nani anauliza nini. Kwa anayeanza upya tungeiweka sawa na pfSense au juu kidogo. Lakini imeondoa sehemu ya kuandika mipangilio ya ziada kwenye kivinjari. Inabidi uweke faili ndani ya /usr/local/etc/unbound.opnsense.d. Ruta ya MikroTik haina risolva kamili, inapeleka mbele tu na haikagui DNSSEC. Kwa ofisi ya watu watano isiyo na mtu wa IT, hiyo inatosha, mradi fundi akishawasha "allow-remote-requests" azuie bandari 53 upande wa nje. La sivyo ruta itatumiwa na wageni kushambulia wengine.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Mzizi wa DNSSEC unabadilisha ufunguo: ule wa 2017, namba 20326, unampisha mpya namba 38696, uliowekwa kwenye mzizi Januari 2025 na kupangwa kuanza kusaini tarehe 11 Oktoba 2026. Mashine inayowaka muda wote inaukubali mpya yenyewe, baada ya kuuona siku 30. Ile ya akiba iliyolala kabatini haijauona. Kagua:

grep 38696 /var/unbound/root.key

Ukiona mstari wenye VALID, uko salama. Usipoona kitu, futa faili kama ilivyoelezwa juu, saa ikiwa sahihi na laini ikiwa inapita, kisha uihifadhi upya mipangilio ya risolva.